Msizichome Barua za Watoto Wenu



Yako mambo ambayo wazazi wetu hawakuyataja mbele ya watoto, na sisi tuliolelewa nao twaona taabu kuyasema hata tukiwa watu wazima. Jambo la leo ni moja katika hayo. Lahusu askari walionajisiwa wakiwa jeshini, si na adui vitani, bali na askari wenzao, na mara nyingine na wakubwa wao. Nakuomba usiugeuze ukurasa. Utaona kwamba liko neno la kutenda hata kwako wewe ukaaye mbali na kambi zote.

Mimi ni karani wa parokia. Nilisomea ualimu, nikafundisha miaka michache, kisha nikapewa meza hii. Kazi yangu ni vitabu vya ubatizo na ndoa, risiti, na barua. Watu wengi wa huku kwetu hawana sanduku lao la posta, basi hutumia la parokia. Kila barua ifikapo huiandika katika daftari: tarehe, jina la mwenyewe, na mahali ilikotoka. Ni kazi ndogo isiyo na sifa, lakini daftari lile ndilo lililonifundisha haya ninayokuandikia.

Binti wa shangazi yangu alipata karatasi za kukaa Marekani kwa ile bahati nasibu ya viza, na mwaka 2016 akajiandikisha jeshini huko, maana sheria yao yamruhusu mgeni mwenye kibali cha kudumu kuwa askari. Katika mafunzo ya kwanza askari wapya hawaachiwi simu zao ila mara chache, basi alimwandikia mama yake barua za kurasa nne, tano, akieleza jinsi mabuti yalivyomchubua na jinsi alivyojifunza kulenga shabaha. Hata mafunzo yalipokwisha hakuiacha desturi hiyo, kwa kuwa mama yake alipenda kuzishika barua mkononi na kusomewa tena na tena. Msomaji wake nilikuwa mimi.

Mwaka 2018 barua zilibadilika. Kwanza zikawa fupi. Kisha ikaja moja yenye mistari sita tu: ameomba kuhamishwa kikosi, hataki tena zamu ya usiku, na mama asimwulize sababu. Baada ya hapo kimya cha miezi mitano. Alipokuja nyumbani kwa matanga ya babu, mwaka 2022, alikuwa amekwisha acha jeshi. Popote alipoketi aliupa ukuta mgongo akautazama mlango. Usiku hakulala. Baba yake mkubwa akasema, “Vita vimemharibu mtoto.” Lakini binti yule vitani hakupata kwenda hata siku moja.

Mwaka uliofuata alimweleza mama yake. Aliyemwingilia kwa nguvu ni sajini wake mwenyewe. Amenipa ruhusa kuandika hayo, bila jina lake wala la kambi, nami sitaongeza neno juu yake.

Shangazi alipowaambia wazee, swali la kwanza lilikuwa hili: “Jeshi lina polisi na mahakama. Mbona hakushtaki?” Pengine nawe wauliza hivyo. Basi tulitazame swali hilo.

Mtu wa kawaida akionewa kazini aweza kuacha kazi akaenda zake. Askari hawezi, akiondoka bila ruhusa ni mtoro, naye hufungwa. Mkubwa wake ndiye ampaye likizo, zamu, na sifa za kupanda cheo. Chakula chake, kitanda chake na uhai wake vyote vimo mikononi mwa wenzake wa kikosi. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na nguo ya askari haivuliki. Tena kwa miaka mingi makamanda wenyewe ndio walioamua kama shauri la kunajisi litafika mahakamani au la. Ni tangu tarehe 28 Desemba 2023 tu kwamba kwa makosa kama hayo uamuzi huo umepewa waendesha mashtaka maalumu walio nje ya amri ya kikosi.

Mabadiliko hayo yalinunuliwa kwa gharama. Mwezi wa Aprili 2020, katika kambi ya Fort Hood, Texas, askari msichana wa miaka 20, Vanessa Guillén, aliuawa na askari mwenzake. Uchunguzi wa jeshi uliotangazwa mwaka 2021 ulikuta kwamba kabla ya hapo mkubwa wake mwingine, si yule muuaji, alikuwa amemsumbua kwa maneno ya uasherati. Habari zilifikishwa kwa viongozi wa kikosi, nao hawakutenda lipasalo. Miaka mingi nyuma, Septemba 1991, marubani wa jeshi la maji walikutana katika hoteli moja ya Las Vegas. Wachunguzi wa Wizara ya Ulinzi walihesabu wanawake 83 na wanaume 7 walioshambuliwa miili yao humo.

Wala usidhani kwamba wanyamazao ni wanyonge tu. Martha McSally ndiye mwanamke wa kwanza wa Marekani kurusha ndege ya kivita katika mapigano, akapanda hata kuwa kanali, na baadaye seneta. Machi 2019 alisema mbele ya kamati ya Seneti kwamba alinajisiwa na afisa aliyekuwa juu yake, na kwamba alikaa miaka mingi bila kusema. Wala usidhani ni jambo la wanawake peke yao. Kwa mwaka 2023 Wizara ya Ulinzi ilikadiria kwamba askari kama 29,000 walitendwa mambo ya namna hiyo, na karibu nusu yao walikuwa wanaume. Mwanamume naye huona aibu maradufu, maana huogopa kuambiwa si mwanamume tena.

Sasa nirudi kwa wazee wetu. Waliposikia habari yote, mmoja wao, mtu mwema kabisa, alitoa shauri kwamba barua zile zichomwe. “Tukizichoma, aibu itakwisha hapa hapa. Binti ataolewa, na hapana atakayejua.” Wengine wakaitikia. Shangazi alinitazama akasema, “Baba, wewe ndiwe uliyezisoma. Unasemaje?” Nikamjibu, “Shangazi, nisamehe, lakini mwenye barua ni aliyeziandika. Aulizwe yeye kwanza.” Tukampigia simu. Jibu lake lilitushangaza sote: barua hizo ndizo alizokuwa akizitafuta.

Hapa, ndugu msomaji, shika neno kwa neno. Katika Marekani askari aliyestaafu akiwa na maumivu ya mwili au ya roho yaliyotokana na utumishi wake aweza kudai malipo ya kila mwezi. Lakini aliyenajisiwa mara nyingi hakuripoti, basi katika faili lake la jeshi hamna kitu. Tangu mwaka 2002 kanuni zao zasema wazi kwamba ushahidi waweza kutoka nje ya faili la jeshi: maelezo ya wazazi na ndugu, ya aliyelala naye chumba kimoja, ya viongozi wa dini, hata shajara na barua. Na mabadiliko ya mwenendo ni ushahidi pia: kuomba uhamisho ghafula, kazi kuharibika, ulevi, huzuni au hofu isiyo na sababu ijulikanayo. Soma tena mistari ile sita ya mwaka 2018, uone kama haikuwa shahidi.

Basi tulizipanga barua kwa tarehe. Paroko akaniruhusu kutoa nakala ya kurasa za daftari zinazoonyesha siku zilipofika. Shangazi alieleza kwa Kiswahili alivyomjua mtoto wake kabla, na alivyomwona kwenye matanga. Niliandika kama alivyosema, nikaifasiri kwa Kiingereza, naye akatia sahihi yake polepole, herufi moja moja. Ninapoandika haya shauri bado halijaamuliwa.

Lakini tiba haikungoja shauri hilo. Mwaka 1992, baada ya fedheha ile ya Las Vegas, Bunge la Marekani lilitunga sheria ya kuwapa wanawake waliostaafu jeshini ushauri na tiba ya madhara haya. Mwaka 1994 wanaume nao wakaingizwa. Sasa katika hospitali za askari wastaafu kila mgonjwa huulizwa, mwanamke na mwanamume, maswali mawili mepesi: wakati wa utumishi wako, je, kuna aliyekusumbua kwa maneno au kwa kukushika usipotaka? Je, kuna aliyekulazimisha kwa nguvu au kwa vitisho? Katika wanawake, mmoja kwa kila watatu hujibu ndiyo. Katika wanaume, mmoja kwa kila hamsini. Ajibuye ndiyo hutibiwa bure kwa madhara hayo. Haulizwi cheti, haulizwi shahidi, wala haulizwi mbona hakuripoti.

Binamu yangu aliniambia kwamba siku aliyoulizwa hivyo alikuwa amekwenda kwa ajili ya goti lake. Muuguzi aliuliza kwa sauti ya kawaida, kama aulizaye umri, akangoja jibu. “Kaka,” aliniambia, “ndiyo mara ya kwanza niliona kwamba mtu aweza kulisikia neno hili asianguke.”

Wengi wetu siku hizi tuna watoto katika majeshi, mengine ya hapa kwetu na mengine ya ng'ambo. Mtoto wako akibadilika, usimwite mlevi wala mwenda wazimu kabla hujamwuliza. Mwulize faraghani, polepole, kisha ungoje. Akikuambia, usimwulize alivaa nini, wala alitafuta nini jeshini, wala usimtake akuletee shahidi. Wewe si hakimu wake. Usiitangaze habari yake kwa jamaa bila ruhusa yake. Mjulishe ya kuwa yako matibabu, na ya kuwa wengi wamerudi kulala usiku.

Tena tunza kila alichokuandikia. Siku hizi barua nyingi zimo ndani ya simu. Basi usizifute, na simu ikiharibika mwombe kijana akutolee kwanza maneno yaliyomo, pamoja na tarehe zake. Zifunge katika bahasha, andika jina lake juu, weka mahali pakavu. Huenda hatazihitaji kamwe, nasi tutafurahi. Lakini siku akizitaka, azikute.