Mwaridi wa Bibi

Siku tatu kabla ya Pasaka ya 2023 nilichukua jembe nikaung'oa mwaridi uliokuwa umeota upande wa kichwa wa kaburi la bibi yangu. Hakuna aliyenituma. Nilikuwa nimetoka Kampala kwa basi la usiku, miche mitatu ya mawaridi mapya nimeipakata ndani ya boksi, na nilitaka nafasi ya kuipanda. Ule wa zamani niliuona kichaka tu. Ulikuwa na miiba mingi, matawi yaliyojiendea yanakotaka, na maua madogo yaliyopukutika baada ya siku mbili. Niliamini namfanyia bibi heshima. Shangazi yangu alitoka jikoni, akatazama shimo, akatazama mizizi niliyokuwa nimeitupa kwenye moto wa takataka, akaniuliza, "Umemaliza?" Nikajibu ndiyo. Akarudi jikoni.

Kwetu ni Vurra, upande wa mpakani, si mbali na kituo cha forodha ambacho sisi tunakiita Kastom. Ukivuka hapo uko Kongo, na mji wa kwanza ni Aru. Mwaka 1980, baada ya serikali ya Amin kuanguka na jeshi jipya kuingia West Nile kwa hasira, watu wa kwetu walikimbia kwa maelfu kwenda Zaire na Sudan. Bibi alivuka na watoto wanne. Aliporudi 1986 alikuwa na watoto watatu, sufuria mbili, na vijiti vya mwaridi alivyovikata kwenye uwanja wa misheni moja huko, akavichomeka katika kipande cha mgomba ili visikauke njiani. Alirudi pia na Kibangala na Kiswahili. Kiswahili changu cha kwanza nilikipata kwake, na ndiyo sababu mwaka wa kwanza chuoni niliandika "muti" na "mayi" katika insha, nikarudishiwa karatasi ikiwa nyekundu tupu. Mwaridi wenyewe aliuita roza.

Kabla hajafa alisema mara moja tu kwamba angependa roza yake imfuate. Shangazi ndiye aliyekata kijiti pale mlangoni akakipanda kaburini. Kile cha mlangoni kilikufa baadaye tulipojenga nyumba ya matofali. Kwa hiyo ule niliouchoma ulikuwa wa mwisho nyumbani kwetu, na mimi nililijua hilo. Nililijua kama mtu anavyojua jambo asilolifikiria.

Miche yangu ilikuwa mizuri, hilo sitalikana. Mmoja mwekundu wa damu ya mzee, mmoja wa manjano, mmoja mweupe, kila ua kama ngumi ya mtoto. Niliichagua kando ya barabara kwa namna ambayo nadhani wengi wetu huchagua, yaani kwa kutazama ua. Majani sikuyatazama hata kidogo. Muuzaji alinisifia urefu wa kikonyo na jinsi ua linavyodumu ndani ya chupa ya maji, nami sikujiuliza kwa nini mtu anayetaka ua la kukaa ardhini aambiwe habari za chupa.

Mvua za kwetu huanza Aprili na huendelea hadi Novemba, na Agosti hadi Oktoba ndiyo miezi ambayo ardhi haikauki. Hadi Juni miche ilikuwa ikichanua na majirani wakija kuitazama. Mwishoni mwa Agosti nilipigiwa simu na mdogo wangu kwamba majani yana madoa meusi, yenye kingo zilizochanika kama wino uliomwagikia karatasi mbovu, kisha yanageuka manjano na kuanguka. Nikamwambia amwagilie zaidi, juu ya majani, ili ayaoshe. Sidhani kama ningeweza kutoa ushauri mbaya kuliko huo. Madoa meusi ni ugonjwa wa kuvu, na mbegu zake husafiri kwa matone ya maji yanayoruka kutoka jani hadi jani. Jani likikaa limelowa kwa saa saba hivi, basi limeshaambukizwa. Nilikuwa namtuma mtoto akaupande ugonjwa kwa ndoo.

Kufikia Krismasi ilibaki miti mitatu ya fimbo. Mwekundu ulikufa kabisa. Mweupe ulikauka juu, lakini chini ya kovu la shina likachipuka tawi lenye nguvu na majani ya namna nyingine, na baadaye maua madogo ambayo sikuyanunua. Ulikuwa umebebeshwa, kama wanavyobebesha michungwa: ua la kifahari limeunganishwa juu ya mzizi wa mwaridi mgumu, na lile la kifahari lilipokufa mwenye mzizi akajitokeza.

Nilianza kusoma baada ya hapo, kwa aibu zaidi kuliko kwa elimu. Mawaridi mengi yanayouzwa kwa ajili ya maua ya kukata, kama yale ya mashamba ya kando ya Ziwa Victoria kule Entebbe au ya Naivasha, Kenya, yamezalishwa kwa maisha ya ndani ya mabanda ya plastiki. Mvua haiyagusi, na dawa hupulizwa kwa ratiba. Humo adui wao mkubwa ni ubwiri unga, ule ukungu mweupe usiohitaji jani lililolowa. Ukilitoa ua la namna hiyo ukaliweka Vurra mwezi wa Septemba, umemtoa mtu chumbani na kumlaza nje kwenye mvua. Si kosa la ua.

Wapo waliofanya kazi ya kutafuta yale yanayostahimili. Ujerumani wana majaribio ya mawaridi yaliyoanza 1948, na tangu 1997 hairuhusiwi kupuliza dawa ya kuvu wala ya wadudu humo: ua lisiloweza kujitetea halipati cheti. Marekani, katika jimbo la Wisconsin, bwana mmoja aitwaye William Radler alikuwa akikusanya majani yenye madoa meusi, akiyakausha, akiyasaga na kuinyunyizia miche yake unga huo, kisha akiimwagia maji kutoka juu kama mvua. Miche mingi ilikufa. Mmoja kati ya ile iliyobaki ndio uliozaa waridi linaloitwa Knock Out, lililoingia sokoni mwaka 2000 na kuenea bustani za nchi yake yote. Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu maktabani, maana ushauri wangu kwa mdogo wangu ulikuwa ndio njia ya Radler, ila mimi nilikuwa na miche mitatu tu.

Nilimsimulia shangazi habari hizi likizo ya Juni 2024, tukimenya mihogo. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniuliza kama naweza kuchukua vijiti vya muhogo kutoka shamba ambalo sijaliona. Nikasema siwezi. Hakuna mtu wa kwetu awezaye. Miaka ya tisini batobato ilipoikunja majani ya mihogo ya Uganda nzima, watu walijifunza kutembea kwanza. Unapita mashambani kwa watu wakati majani yako wazi, unatafuta shamba lililosimama kijani katikati ya yaliyougua, ndipo unabisha hodi kuomba vijiti. Hata mbegu bora kama NASE 14, wazee waliisubiri waione imesimama msimu mzima kwa jirani kabla hawajaipa nafasi shambani. "Na ua," akasema shangazi, "ulilichukulia wapi?"

Hayo tu. Lakini yalinitosha kujua la kufanya. Mwezi wa Agosti, wakati mbaya kuliko wote kwa mawaridi, nilianza kutembea. Nilijua bibi alikuwa akigawa vijiti kwa kila aliyeomba, hivyo lazima roza yake iko mahali fulani. Nyumba ya kwanza mchwa walikuwa wameimaliza. Ya pili walikuwa wamejenga duka. Mama mmoja alinionyesha mwaridi mkubwa, maua mazuri, lakini nusu ya chini ilikuwa haina jani hata moja, nikamshukuru nikapita. Siku ya nne nilivuka mpaka na bodaboda hadi karibu na Aru, kwa mwanamke ambaye mama mkwe wake alikuwa jirani ya bibi wakati wa ukimbizi. Mwaridi ulikuwa umeegemea ua wa mianzi nyuma ya choo. Miiba mingi. Matawi yaliyojiendea. Majani yalikuwa mazima kutoka juu hadi ardhini, mwezi wa Agosti, na hakuna aliyewahi kuupulizia kitu chochote isipokuwa moshi wa jikoni. Nikamwomba kwa Kiswahili changu cha chuoni, akaniuliza mimi ni Mtanzania. Nikarudia ombi kama bibi angelisema. Akaleta kisu.

Nilikata vijiti tisa, unene wa kalamu, kwenye matawi yaliyokwisha kuchanua, kila kimoja kirefu kuliko kiganja changu, chini nikikata mshazari karibu na jicho. Nyumbani nikatoa majani yote isipokuwa mawili ya juu, nikazika theluthi mbili ya kila kijiti kwenye kivuli cha mwembe. Maji nilimimina chini, asubuhi, jani lisilowe. Pembeni nikaweka majivu kwa ajili ya mchwa. Saba vilioza. Viwili vilishika, na Oktoba, nikiwa tayari Kampala, shangazi alivihamishia kaburini, mbalimbali kiasi cha upepo kupita katikati. Hivi havikubebeshwa juu ya mzizi wa mwingine. Vikikatwa hadi chini, kinachochipuka ni kilekile.

Sina hakika ya asilimia mia kwamba ndio ule. Maua yanafanana, harufu nadhani inafanana, lakini pua ya mtu mwenye hatia si shahidi mzuri. Shangazi sijamwuliza, naye hajawahi kuizungumzia ile siku ya jembe. Ila Mei mwaka huu mbuzi wa jirani waliingia wakaula mche mmoja hadi usawa wa ardhi, na mdogo wangu aliniambia kwenye simu kwamba shangazi aliacha kupika, akaenda kukata matawi ya miiba, akayazungushia pale yeye mwenyewe. Sasa una machipukizi manne.