Tabo na Mvukuto

Kwetu Kiwangwa hatusemi vinginevyo: ni tabo. Neno lilipoteza r yake njiani, likabaki na mizani mbili, na jirani yake wa karibu kabisa ni tabu. Vina havikutani, bo na bu, lakini vijana wa gereji hawajali arudhi. Kwao gari la tabo ni gari la tabu, kisha hucheka. Nilicheka nao mpaka zamu yangu ilipofika.

Nilinunua pikapu ya dizeli iliyotumika, yenye tabo, kwa fedha za mananasi ya misimu miwili. Ilikuwa na nguvu ya kupendeza. Nilikwenda nayo Dar es Salaam kupitia Bagamoyo ikiwa imejaa, na kila nilipofika sokoni nilizima injini papo hapo, maana dizeli ni ghali. Mwezi wa saba wa mazoea hayo, karibu na Makofia, nilisikia mluzi, kisha moshi wa buluu ukaifunika barabara nyuma yangu. Nililala hapo usiku mbili. Mananasi yalichachia garini, na ada ya chuo ya binti yangu ilikuwa ndani ya mananasi yale.

“Mwalimu,” fundi aliniuliza, “ulikuwa unazima gari likiwa la moto?”

“Kama watu wote wanavyozima.”

“Basi umeiua mwenyewe.”

Akanieleza. Moshi wa injini, badala ya kupotea bure kwenye ekzosi, huzungusha gurudumu dogo. Gurudumu hilo huzungusha la pili linaloshindilia hewa ndani ya injini. Mzunguko waweza kupita 100,000 kwa dakika. Kinachoubeba na kuupoza mhimili wake ni oili. Ukizima ghafla, oili husimama penye moto mkali na kugeuka masizi. Iache sailensa kwanza, dakika moja au mbili.

Nilipotafuta habari zaidi nilikuta wenzangu wa tangu 1962, mwaka ambao Marekani ilitoa magari mawili ya kwanza ya tabo kwa wanunuzi wa kawaida: Chevrolet Corvair Monza Spyder na Oldsmobile Jetfire. Hili la pili limenikaa moyoni. Ili injini isigonge, lilihitaji kunyunyiziwa mchanganyiko wa maji yaliyokenekwa na methanoli kutoka katika chombo chake maalumu. Chombo kikikauka, vali ilizuia msukumo wa hewa. Wenye magari walisahau kukijaza, kisha wakalalamika kwamba gari halina nguvu. Jetfire halikupita 1963, na baadaye kampuni ikajitolea kuziondoa tabo zile na kufunga kabureta ya kawaida. Watu wale walitaka kutia mafuta na kwenda zao. Nami siwezi kuwacheka.

Mtu ataniambia kwamba Toyota Celica ya tabo ilishinda Safari Rally 1984, 1985 na 1986, katika mavumbi ya Kenya. Ni kweli, lakini ilifuatwa na mafundi kila kituo. Heri Saab 99 Turbo ya mwishoni mwa miaka ya 1970: tabo yake iliwekewa vali ya kupunguza msukumo, ikatengenezwa isaidie hata katika mwendo wa mtu aendaye kazini.

Linaloniuma, mimi mfundisha lugha, ni jingine. Kwenye kikinga jua cha pikapu yangu palikuwa na karatasi ya Kijapani. Kwa miezi saba niliidhani tangazo. Simu ya binti yangu ilipoitafsiri, ilikuwa inaniomba nisizime injini ya moto mara baada ya safari ndefu. Jina tulilipokea, tukalilainisha, tukalifanyia utani; maelezo yake yakabaki Kijapani, juu ya paji la uso wangu.

Juzi nimebandika karatasi yangu juu ya ile. Nikaona nitumie neno la wahunzi: “Usizime. Mpe mvukuto dakika mbili apoe.” Binti yangu, ambaye ada yake hatimaye tuliilipa kwa kuuza mbuzi, alinirekebisha: mvukuto ni ngeli ya U-I, kwa hiyo “Upe mvukuto dakika mbili upoe.” Nimefuta, nimeandika upya. Fundi ameisoma na kusema kwamba yeye ataendelea kusema apoe, kwa kuwa ameshaziona zikifa.