P0171 na maziwa ya Bahati

Kama mmeona nimekuwa kimya, ni kwa sababu Jumamosi zangu zimemezwa na chuo kimoja cha ufundi hapa Nakuru, ambako nasomea umakanika wa magari. Ndiyo, mimi yule yule wa kuandika programu. Siku hizi hata kibodi inanuka grisi.

Darasani niko na vijana wanaojiandaa kwa mtihani wa NITA wa Gredi ya Tatu. Vyuo vya namna hii vilichipuka baada ya 1966, baraza la makanisa, NCCK, lilipotoa ripoti kuhusu vijana waliomaliza shule ya msingi bila kazi wala nafasi ya kuendelea. Mimi nina mshahara wa kuangukia. Wao hawana.

Mwezi jana mzee mmoja anayebeba maziwa kutoka Bahati alituletea Probox yake. Taa ya injini inawaka, mlimani gari halina nguvu. Nikachomeka mashine, ikasoma P0171: mchanganyiko una hewa nyingi kuliko petroli. Nani amesoma ujumbe wa makosa kunishinda mimi? Sensa ya oksijeni kwenye ekzosti ndiyo inayoligundua jambo hilo, basi nikamwambia mzee, kwa sauti ya mtaalamu, anunue sensa mpya. Shilingi 6,500. Tukaifunga, nikafuta msimbo, taa ikazimika.

Jumatatu taa ikarudi. Jumanne gari likakwama mlimani na mitungi imejaa, maziwa yakachacha.

Mwalimu hakunigombeza. Aliwasha injini, akaiacha ingurume, akapuliza dawa ya kusafisha kabureta kidogo kidogo kando ya mipira ya hewa. (Msijaribu kwenye injini yenye moto; dawa hiyo inawaka.) Alipofika kwenye kimpira kimoja nyuma ya manifoldi, mngurumo ukabadilika. Kilikuwa na ufa mdogo kama ukucha, na hewa ilikuwa ikipenya hapo bila kupimwa. Sensa ya zamani ilikuwa ikisema kweli tangu mwanzo. Mimi nilimfukuza shahidi.

Kosa hilo nimelifanya kazini mara nyingi: programu inalalamika mstari wa 212, nami nabadilisha mstari wa 212, kumbe data iliharibika mbali huko juu. Lakini kazini narudisha toleo la jana na hakuna anayejua. Duka la spea halirudishi sensa iliyokwisha kufungwa.

Nilimrudishia mzee zile 6,500 kutoka mfukoni mwangu.

"Na maziwa, kijana?"

Sikuwa na jibu, nikaongeza elfu mbili. Njiani kurudi nyumbani nilimfikiria yule mwenzangu anayetembea kwa miguu kuja darasani. Angezitoa wapi?

Kimpira kilitugharimu shilingi 150. Jumamosi ijayo tunafungua gia boksi. Picha nitaziweka hapa.