Kanda ya Mpiga Gitaa Mgeni

Mimi ni karani wa parokia huku Isongole, wilaya ya Rungwe. Kazi yangu ni kuandika majina: nani kabatizwa, nani kafunga ndoa, nani kazikwa. Katika kazi hii nilipata kumkosea kijana mmoja kwa maneno machache tu, na nataka kuwasimulia habari hiyo, maana nadhani kosa lile si langu peke yangu.

Lakini yafaa nianzie nyumbani. Sisi tulikulia katika ugomvi wa kanda. Baba, mkulima wa viazi, alikuwa mpenzi wa bendi ya Simba Wanyika. Baba mdogo, aliyekuwa utingo wa malori yanayopeleka viazi Dar es Salaam, alikuwa mpenzi wa Les Wanyika. Jioni, ukungu ukishashuka kutoka mlimani nasi watoto tunaota moto, redio ilitiwa betri zilizoanikwa juani mchana kutwa. Hapo ndipo maneno yalipoanza.

Labda vijana hawaijui habari ya bendi hizi. Ndugu wawili wa Tanga, Wilson Peter Kinyonga na George Peter Kinyonga, walianza muziki katika Jamhuri Jazz. Wakahamia Arusha, kisha wakavuka mpaka kwenda Kenya, na mwaka 1971 wakaanzisha Simba Wanyika. Wilson aliimba na kupiga gitaa la solo. Gitaa la ridhimu lilipigwa na Omar Shabani. Mwaka 1978 Omar aliondoka na wenzake kadhaa, wakaunda Les Wanyika mjini Nairobi, na Mtanzania mwingine, John Ngereza, akajiunga nao. Wimbo wao wa "Sina Makosa" ulienea Afrika Mashariki nzima, na hata leo hupigwa arusini. Simba Wanyika nao hawakufa. Waliweka watu wengine mahali pa walioondoka, wakaendelea kurekodi kwa jina lile lile hata miaka ya tisini.

Basi kila kanda ya Simba iliyotoka baada ya 1978 ilikuwa kesi nyumbani kwetu. Baba alisema, "Simba ni Simba. Mwenye bendi yupo, mwimbaji yupo, kimepungua nini?" Baba mdogo akajibu, "Kaka, jina limebaki, lakini miguu imeondoka." Mama alicheka tu na kuongeza kuni.

Neno hilo la miguu nililielewa baadaye chuoni, nilipokuwa nasomea ualimu na kujifunza gitaa kwa wenzangu jioni. Katika muziki wetu wa dansi gitaa la solo huimba juu, na kila mtu hulisifu. Besi hutembea chini. La ridhimu hukaa katikati, likirudia fungu fupi bila kuchoka, likifumana na yale mengine kama ukili wa mkeka. Msikilizaji halitambui mpaka liondolewe. Likipigwa na mkono mwingine, wimbo ni ule ule, lakini mchezaji dansi anajua mara moja kwamba kuna jambo. Kumbe baba mdogo hakuwa mpumbavu. Wala baba hakuwa mpumbavu, maana kitu kilichobadilika si lazima kiwe kimekufa. Morogoro Jazz iliachwa na Mbaraka Mwinshehe mwaka 1973, alipokwenda kuunda Super Volcano. Juwata, iliyokuwa NUTA Jazz, iliachwa na Muhidin Gurumo mwaka 1978, alipohamia Mlimani Park. Wapenzi walilia, lakini Juwata iliendelea, ndiyo hiyo iliyokuja kuitwa Msondo Ngoma.

Sasa nije kwenye kosa langu. Kwaya yetu ilikuwa na mpiga gitaa mmoja kwa miaka kumi na miwili. Alipiga polepole, kama mtu apandaye mlima na mzigo. Toleo letu la kwanza la nyimbo lilirekodiwa naye, na liliingia karibu kila nyumba ya parokia. Kisha akahamia Tunduma kufanya biashara. Mahali pake akaja kijana wa miaka ishirini kutoka vijiji vya juu, upande wa Ziwa Ngozi. Huyu alidonoa nyuzi upesi, na pengine alinyamaza kabisa ili waimbaji wasikike peke yao. Kwaya iliuza viazi vya shamba lake, magunia arobaini, ikaenda Mbeya na kurekodi toleo la pili pamoja na kijana huyo.

Hapo parokia ikagawanyika. Vijana walisema kwaya imefufuka. Wazee walisema ile si kwaya yetu tena. Nakala mia moja ziliwekwa ofisini kwangu niziuze. Kila aliyeuliza nilimjibu hivi: "Si kama ya kwanza, lakini nunua tu, uwasaidie." Niliona nasema kweli na kufanya wema kwa pamoja. Baada ya miezi mitatu zilikuwa zimetoka ishirini na tatu.

Siku moja nilikuwa nasema maneno hayo kwa mama mmoja. Nilipoinua macho nilimwona kijana yule amesimama mlangoni. Alikuja kuchukua cheti cha ubatizo cha mdogo wake. Nilimwandikia cheti, akapokea kwa mikono miwili, akasema "Ndaga," akaenda zake. Jumapili iliyofuata gitaa lilikuwa pembeni ya kanisa, limefunikwa kitenge. Kijana hakuja. Wala hakuja Jumapili zilizofuata.

Mwezi wa pili wa ukimya ule, yule mpiga gitaa wa zamani alirudi kutoka Tunduma kumzika mama yake. Matanga yalipokwisha alipita ofisini akataka nakala ya toleo jipya. Mimi, kwa mazoea, nikasema, "Si kama ya kwanza." Akanitazama. "Karani, umeisikiliza?" Nikasema ndiyo. "Yote?" Nikakosa jibu. Nilikuwa nimesikiliza nyimbo mbili nikiwa nahesabu sadaka.

Usiku ule nilimkumbuka baba. Baba mdogo alipofariki, mwaka 2006, baba alikaa siku tatu bila kugusa redio. Siku ya nne alichukua kanda ya Les Wanyika ya marehemu, kanda aliyoibishia miaka yote, akaipiga upande wa kwanza na wa pili. Ilipokwisha alisema polepole, "Nimegombana na mdogo wangu kwa kanda ambayo sikupata kuigeuza." Mimi nilikuwapo. Niliyasikia maneno hayo kwa masikio yangu, na bado nikaja kuyarudia makosa yale yale.

Nikawasha redio, nikasikiliza nyimbo zote kumi mpaka mwisho. Haikuwa kama ya kwanza, kweli. Lakini katika wimbo wa nne, wa kutolea vipaji, gitaa linanyamaza na akina mama wanabaki na sauti zao tu, kisha nyuzi zinarudi taratibu kama mtu abishaye hodi. Katika toleo la kwanza hatukupata kuwasikia akina mama wetu namna ile.

Jumamosi nilipanda mlima. Nilimkuta kijana shambani anachimba viazi. Nikamwambia, "Mdogo wangu, nimekukosea. Nimeisema vibaya kazi yako na sikuwa nimeisikiliza. Naomba unisamehe." Hakuacha kuchimba. Baadaye akauliza, "Na sasa umeisikiliza, kaka? Ulipenda wimbo gani?" Nikamtajia wa nne, na mahali pale anaponyamaza. Akasimama akiegemea jembe. "Pale nilifanya kusudi," akasema. "Hakuna aliyepata kuniuliza." Kisha akanionyesha jembe jingine, tukamaliza tuta lile pamoja.

Alirudi Jumapili ya tatu. Sitasema kwamba watu wote wamekubaliana. Wako wazee ambao mpaka leo hutaka toleo la kwanza, nami nawaheshimu, maana wana masikio na wana kumbukumbu zao. Lakini maneno yangu ofisini nimeyabadili. Akija mtu namwambia, "Hii ni nyingine, na gitaa ni la mwingine. Isikilize mpaka mwisho, ndipo uniambie."

Ndugu wasomaji, katika vijiji vyetu kila siku mmoja anaondoka na mwingine anachukua mahali pake: mwalimu, katekista, mwenyekiti wa jumuiya, hata mama wa kambo. Kumkumbuka aliyeondoka si vibaya. Lakini aliyekuja naye ana upande wa pili, na si haki kumhukumu kabla hatujaugeuza.