Mikate ya Mtoto Ilifungwa na Nani?

Anayesema watoto ni malaika hajawahi kuwagawia biskuti watoto wa parokia nzima huku pakiti zikiwa pungufu. Mimi nimegawa. Nimeona viwiko vikifanya kazi, nimeona machozi ya uongo, nimeona binti wa darasa la kwanza akirudi kwenye foleni mara ya pili na skafu yake ameificha mfukoni ili nisimtambue. Mimi ni mlezi wa Utoto Mtakatifu, shirika la watoto Wakatoliki, Dar es Salaam, na kazi hii imenifutia kabisa ile picha ya kwenye kalenda, ya mtoto aliyekunja mikono na kuinua macho mbinguni.

Ndiyo maana mtoto anapotoa kitu, huacha ninachofanya nikamtazama. Anatoa anachokitaka. Biskuti anayoimega bado anaitamani, na ndiyo hiyohiyo anayomegea mwenzake. Sisi wakubwa hutoa nguo zilizotubana na viatu vilivyotupita, kisha tunaomba tupigwe picha.

Shirika la Utoto Mtakatifu lilianzishwa mwaka 1843 na Askofu Charles de Forbin-Janson wa Nancy, Ufaransa. Habari za watoto waliokuwa wakitelekezwa na kufa huko China zilimkosesha amani. Akamwendea Pauline Jaricot wa Lyon, mlei ambaye mwaka 1822 Shirika la Uenezaji wa Imani lilizaliwa kutokana na senti alizokusanya kwa wafanyakazi wa viwanda vya hariri. Baada ya mazungumzo yao, askofu akaamua kuwaomba watoto wa Ufaransa wawasaidie watoto wenzao: sala fupi kila siku, senti kidogo kila mwezi. Mwaka 1922 Papa Pius XI akalipatia hadhi ya shirika la kipapa. Mpaka leo watoto wetu wanafundishwa hivyohivyo, kwamba mtoto amsaidie mtoto.

Sasa nenda Jumapili yoyote ukasimame mlangoni pa kanisa. Mzazi anapekua pochi, anatoa sarafu ya mia mbili, anaiweka kwenye kiganja cha mwanawe na kumsukuma kuelekea kwenye kapu. Mtoto anatumbukiza, anarudi mbio. Hapo mtoto ni tarishi tu. Sadaka si yake, na wala hajapungukiwa kitu. Nimewahi kuwaambia wazazi kwenye kikao kwamba senti za Forbin-Janson zina maana pale mtoto anapokosa ubuyu au barafu kwa ajili ya mwenzake. Wengine walitikisa vichwa kwa heshima. Mmoja alinong'ona kwamba mwanawe akikosa ubuyu, nyumba nzima hailali.

Siku moja ya mavuno tuliwaambia watoto walete chochote kilicho chao. Kwenye mnada baada ya Misa mambo yalikwenda kama kawaida: jogoo akauzwa kwa bei ya mbuzi, mkungu wa ndizi ukazunguka kwa wanunuzi watatu, kila mmoja akiununua na kuurudisha ili unadiwe tena, makofi na vigelegele vikiendelea. Kisha likaja gari la waya, magurudumu yamekatwa kwenye ndala, usukani wake mrefu umefungwa kitambaa chekundu. Watu wakacheka, mwendesha mnada naye akacheka. Baba mmoja wa makamo akalinunua, nadhani kwa kulionea huruma. Kabla hajaondoka nalo, mvulana aliyelitengeneza akamfuata, akamshika mkono na kumweleza kwamba asilisukume kwa nguvu kwenye kona, kwa sababu gurudumu la kushoto huchomoka, na likichomoka alirudishie kwa msumari mdogo, asitumie mkubwa. Alikuwa ameshalitoa, na bado alikuwa akilijali kuliko aliyelinunua.

Utoaji wetu una daftari. Kamati ya harusi ina orodha ya ahadi na orodha ya taslimu, na kundi la WhatsApp linatukumbusha kila asubuhi nani bado. Sina ugomvi na michango. Imewaoza vijana wengi na kuzika wazee wengi kwa heshima. Lakini kila mtu ana daftari la pili kichwani. Humo mmeandikwa kwamba kwenye harusi ya binti wa fulani nilitoa laki, yeye kwangu akaleta elfu thelathini. Katika Injili ya Luka, Yesu anamshauri mwenyeji wake awaalike wale wasioweza kumrudishia, na kila ushauri huo unaposomwa naangalia nyuso za wanakamati.

Wapo watakaosema ukarimu wa mtoto ni utoto tu, utaisha. Mtume Paulo mwenyewe, katika sura ya 13 ya Barua ya Kwanza kwa Wakorintho, sura ambayo hatuachi kuisoma harusini, anasema alipokua aliachana na mambo ya kitoto. Ni kweli. Lakini sura inayofuata anawataka wawe watu wazima kwa akili na watoto wachanga kwa uovu. Watoto wakigombana saa nne kwenye kombolela, saa tano wako pamoja tena, na mara nyingi ni kwa sababu wamesahau. Sisi hatusahau. Tunalifunga daftari tukijua kilichoandikwa ndani, na kazi hiyo ni ngumu zaidi kuliko ya mtoto. Hapo sitawasifu watoto kupita kiasi.

Kinachonishughulisha ni mahali mtoto anapopata ujasiri wa kutoa. Habari ya mikate mitano na samaki wawili imo katika Injili zote nne, lakini ni Yohana peke yake anayetaja kwamba vilikuwa vya mvulana, na kwamba ilikuwa mikate ya shayiri, chakula cha watu wa hali ya chini. Angalia wakubwa walivyojibu. Filipo alipiga hesabu ya fedha, akaona hata dinari mia mbili hazitoshi. Andrea alimtaja mvulana, papo hapo akaanza kumkatia tamaa. Mvulana hajaandikiwa neno hata moja. Yohana hasemi pia nani alimfungia mikate ile, ila waliolelewa na mama au bibi hawahitaji kuambiwa. Nadhani mvulana alitoa mikate yake kwa sababu hakuwahi kufikiri kwamba ikiisha, ndiyo basi. Nyumbani kulikuwa na aliyeoka.

Mlezi wa makao ya watoto yatima alinieleza jambo lililonithibitishia hilo. Mtoto mgeni akifika kutoka mtaani, wiki za mwanzo huficha chapati chini ya godoro. Hamgawii mtu, hata rafiki yake. Walezi hawamgombezi, wanatandika kitanda na kuiacha chapati pale, mpaka iote ukungu, kisha wanaitoa kimyakimya. Siku zinapita, chakula kinakuja kila jioni kwa saa ileile, na siku moja chini ya godoro hakuna kitu. Ni baada ya hapo ndipo mtoto yule huanza kumega. Yohana, katika barua yake ya kwanza, anasema sisi tunapenda kwa kuwa tulitangulia kupendwa. Niliisoma kauli hiyo kwa miaka kama fundisho la juu la wanateolojia. Pale kwenye makao inaonekana jikoni.

Kwa hiyo nikimwona Mkristo mwenzangu ameshika mfuko wake kwa mikono miwili, siku hizi najiuliza kama anaamini kweli kuna chakula cha jioni. Yeye huungama kila Jumapili kwamba ana Baba. Mimi pia huungama, na mfuko wangu naujua.

Mwezi uliopita mama mmoja, mkaanga chapati wa karibu na kituo cha daladala, alinisubiri nje ya sakristia.

"Mwalimu, shikamoo. Naomba uongee na huyu mwanangu, mimi hanisikii tena. Kila penseli ninayomnunulia anawapa wenzake darasani. Anarudi na kipisi, au harudi na kitu."

"Marahaba, mama. Anawapa kina nani?"

"Wasio nazo. Anasema wanapigwa wasipoandika."

Nilimwambia nilichokuwa nakifikiria: kwamba mtoto huyo anagawa kwa sababu hana shaka hata kidogo kwamba mama yake atanunua nyingine, na kwamba asingekuwa na imani hiyo, penseli zingekuwa chini ya godoro. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono yake bado ina unga.

"Sawa, mwalimu. Maneno mazuri. Lakini hiyo imani yake nainunua mimi, na dazeni imepanda bei."

Nilitoa hela za dazeni moja. Alizihesabu, akazifunga kwenye upindo wa khanga, akaniambia nisisahau na vichongeo.