Daftari la Mikindani: Msimu wa Kura na Korosho

Jumamosi, 17 Oktoba 2020

Kijiji cha Kitaya hakitoki midomoni mwa watu. Jumatano wenye silaha walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji, wakaua, wakachoma nyumba. Waliokufa ni wangapi, kila anayesimulia ana hesabu yake. Stendi leo nimewaona kina mama wa upande ule na mizigo iliyofungwa kwa haraka: godoro, sufuria, kuku wawili wamefungwa miguu kwa kamba moja. Kampeni zinaendelea vile vile. Gari la matangazo lilipita mbele ya nyumba yenye matanga na spika zikiwa juu, hakuna aliyepunguza.

Shambani Madimba mabibo yanaanguka kwa wingi, harufu imejaa. Waokotaji wanataka hela mkononi, habari za mnada hawataki kuzisikia. Siwalaumu.

Jumatatu, 19 Oktoba

Nimetoa daftari la 2015 niweke mambo sawa kabla kelele hazijazidi.

Mwaka 2010 mkoa wetu ulikuwa na majimbo saba, yote yakaenda CCM. Mwaka 2015 yakawa kumi. CCM ikapata saba, CUF mawili, CHADEMA moja: Mtwara Mjini kwa Maftaha Nachuma, Tandahimba kwa Katani Ahmad Katani, Ndanda kwa Cecil Mwambe. Kule Lindi CUF ikachukua Kilwa zote mbili na Mchinga. Magazeti ya Dar yaliandika kwamba ni upepo wa UKAWA, muungano wa upinzani, na mgombea wake Lowassa. Huo upepo ulikuwapo, lakini hapa mjini watu walikwisha kuamua zamani, Lowassa akiwa bado ndani ya CCM.

Waliamua tarehe 22 Mei 2013. Waziri Profesa Muhongo alikuwa Dodoma akisoma bajeti ya nishati, mpango wa bomba la kupeleka gesi Dar uko pale pale. Gesi ya Mnazi Bay inajulikana tangu 1982, tulikua tukiambiwa ndiyo itakayoutoa Mtwara gizani. Siku ile redio zilikuwa zimewashwa kila kibaraza. Kabla hotuba haijaisha maduka ya Magomeni yalikuwa yanashusha milango, na alasiri moshi wa matairi ulikuwa umeshika barabara. Kisha wakaja askari. Waliokuwa vijana siku ile ndio waliopanga mstari 2015, wiki chache tu baada ya Rais Kikwete kulizindua bomba lenyewe. Hakuna mgombea wa CCM ambaye angepita hapa mjini mwaka ule, hata angekuwa mtoto wa nani.

Sasa tazama yaliyobaki. Mwambe alihamia CCM Februari mwaka huu, Mei Spika Ndugai akamrudisha bungeni kana kwamba hakuondoka. Katani naye kavaa kijani na anagombea Tandahimba ile ile. Kwa hiyo katika viti vitatu upinzani umekwisha kupoteza viwili kabla ya karatasi moja kupigwa. Waliopiga kura 2015 wako kule kule Ndanda na Tandahimba, mikorosho yao haijahama. Kilichohama ni mtu mmoja na kiti chake.

Amebaki Nachuma, naye chama chake si kile. Maalim Seif aliondoka CUF Machi 2019 na kundi kubwa, wakaingia ACT-Wazalendo. Nachuma akabaki na Profesa Lipumba. Bendera ile ile, ila ofisi za matawi nyingine zina kufuli tu.

Ijumaa, 23 Oktoba

Mpwa wangu kapata uwakala wa CUF, kituo kimoja huko Mtwara Vijijini. Nimemwambia abebe tochi, maji na kalamu mbili, na asitoke kituoni hata kwa haja bila kumwachia mtu. Akaniambia, “Mjomba, wewe ni wa mjini, huku kwetu tunajuana.” Hiyo ndiyo inayonitia wasiwasi.

Anasema Mama Ghasia ana hali ngumu safari hii. Sikumwamini sana. Hawa Ghasia ni mbunge tangu 2005, alikuwa waziri wa Kikwete, na Vijijini haikuteleza hata 2015 kila kitu kilipokuwa kinateleza.

Jumanne, 27 Oktoba

Mtandao umekufa tangu mchana. WhatsApp haisomi. Vijana wanaulizana VPN ipi inakubali. Simu ya kawaida inatosha.

Jumatano, 28 Oktoba

Nimepiga kura saa 2 asubuhi, shuleni, karatasi tatu: urais, ubunge, udiwani. Mstari wa wanawake ulikuwa mrefu kuliko wetu. Saa 10 vituo vimefungwa.

Mpwa wangu kapiga simu karibu na saa 4 usiku. Alikuwa ananong'ona kama mtu aliyeko msibani, mpaka nilipomwambia aseme kwa sauti, kura zimekwisha hesabiwa. Ilikuwa hivi. Msimamizi wa kituo ananyanyua karatasi, anaitaja, anaigeuza kila wakala aione, anaiweka kwenye fungu lake. Kila mmoja anachora vijiti vyake, vitano vitano. Urais walianza nao, fungu la Magufuli likapanda mpaka likaanguka upande. Mawakala wa CCM wakatulia, mmoja akatoka kuvuta sigara. Ukafika ubunge. Hapo ndipo watu walipoanza kusogelea taa. CUF. CUF. CCM. CUF. Aliyetoka kuvuta sigara akaitwa arudi.

Nikamuuliza, “Fomu umepata?” Akasema anayo nakala ya 21B, imesainiwa, kaikunja kaitia ndani ya soksi. Nyingine imebandikwa mlangoni. Nimemwambia asilale na soksi zile.

Alhamisi, 29 Oktoba. Maulidi

Sikukuu, na kila barazani ni matokeo.

Mtwara Mjini imerudi CCM. Hassan Mtenga. Nachuma kaanguka.

Mtwara Vijijini imekwenda CUF. Shamsia Mtamba kamshinda Hawa Ghasia.

Nimeandika mistari hii miwili nikairudia kuisoma. Mji uliopigania gesi umekuwa kijani, na vijiji ambavyo gesi yenyewe inachimbwa na kusafishwa, Msimbati na Madimba, vimempa kiti mwanamke wa upinzani mwaka ambao upinzani unazama nchi nzima. Kama ningekuwa bado nafundisha uraia ningewapa darasa la saba mtihani huu na majibu nisingekuwa nayo mfukoni.

Jumamosi, 31 Oktoba

Tume imetangaza jana. Magufuli asilimia 84.4, Lissu wa CHADEMA 13. Profesa Lipumba kura 72,885 kwa nchi nzima, Bara na Visiwani. Ukiiweka hesabu hiyo karibu na ushindi wa Vijijini, utaona kwamba waliomchagua Mtamba wengi hawakumchagua mwenyekiti wa chama chake. Walikata karatasi: urais huku, ubunge kule. Kwa hiyo sitaki kusikia kwamba CUF imefufuka kusini. CUF imeazimwa.

Imeazimwa kwa nini? Yangu mimi ni korosho. Mwaka 2017 kilo ilivuka shilingi 4,000 mnadani, watu wakaezeka bati, wakanunua pikipiki. Juni 2018 serikali ikabadili sheria, ile asilimia 65 ya ushuru wa korosho zinazouzwa nje, iliyokuwa ikirudi kwenye zao, ikaelekezwa Mfuko Mkuu. Wabunge wa kusini wa vyama vyote walipiga kelele, hazikusaidia. Oktoba wakulima wakaikataa bei ya mnada, Novemba Rais akatangaza serikali itanunua kwa 3,300 na malori ya jeshi yakaja kubeba. Siku ile watu walishangilia kweli, niliwasikia.

Kisha uhakiki. Mwenye zaidi ya kilo 1,500 alitakiwa aonyeshe shamba, isije ikawa ni kangomba, korosho za magendo. Mzee mmoja jirani yangu wa shamba, mwenye mikorosho aliyopandiwa na babu yake, alitembezwa mche kwa mche na kijana mwenye daftari aliyekuwa hajui mkorosho mzee na mchanga inatofautiana nini kwa uzaaji. Hela zilichelewa kwa wengi, na salfa ya msimu uliofuata ikanunuliwa kwa mkopo au haikununuliwa kabisa. Mjini jambo hilo liliuma kwa mbali, duka lilikosa wateja. Kijijini liliuma ndani ya sufuria.

Lakini Tandahimba nako kuna korosho, kuliko hata kwetu, na Katani kapita na CCM. Newala vile vile. Kwa hiyo korosho peke yake haitoshi. Miaka 15 ya mbunge mmoja nayo inachosha. Mpwa wangu anasema Mtamba aliingia nyumba kwa nyumba, akakaa jikoni na wanawake, hakuwa na gari la spika. Hilo naliweka hapa kama lilivyo.

Bara nzima upinzani umepata majimbo mawili tu, Mtwara Vijijini na Nkasi Kaskazini kwa Aida Khenani wa CHADEMA. Yote mawili yamechukuliwa na wanawake, yote mawili yako mpakani.

Ijumaa, 13 Novemba

Rais kafungua Bunge. Upinzani haukufika idadi ya kuunda kambi rasmi. CUF haikufika ile asilimia tano ya kupewa viti maalumu, kwa hiyo mbunge wetu wa Vijijini hana hata mwanamke mmoja wa viti maalumu wa chama chake wa kukaa naye.

Jumamosi, 28 Novemba

Jumanne Spika kawaapisha wanawake 19 wa CHADEMA, Halima Mdee akiwa mbele. Jana chama kimewafukuza, kinasema hakikuwateua. Ndio haya haya ya Ndanda, kwa jumla badala ya rejareja.

Jioni barazani jirani kaanzisha. Eti Vijijini wameachiwa, ili dunia ione kuna upinzani. Mpwa wangu alikuwa kaja na gunia la mihogo, akaliweka chini.

“Nani kaniachia? Nilikesha na tochi yangu. Fomu ninayo.”

“Na mawakala wenu wa hapa mjini,” jirani akamjibu, “wao hawakuwa na tochi?”

Wakabishana mpaka isha. Kesho asubuhi tunakwenda AMCOS kuuliza malipo ya mnada wa tatu, na jirani naye anakuja, ana kilo 340 pale ghalani.