Haneul: Jina na Heshima ya Lugha

Jina ni neno la kwanza ambalo lugha humkabidhi mtu, naye hulichukua mpaka kaburini. Anayetaka kuujua utamaduni wa taifa lolote na aanze kwa kuuliza watoto wake huitwaje, na ni nani aliyekuwa na mamlaka ya kuwapa majina hayo. Mimi, kwa kuwa kazi yangu ni kufundisha lugha, nimelitafakari sana jina moja la Wakorea, nalo ni Haneul.

Maana yake ni anga, tena ni mbingu. Ni neno la kila siku, ambalo mkulima hulitamka anapotazama dalili za mvua. Kutokana na neno hilo hilo, pamoja na kiambishi cha heshima, Wakorea walipata jina la Mungu, Haneunim. Huitwa Haneul mtoto wa kike na wa kiume pia, kwani nomino za Kikorea, kama zetu, hazina uke wala uume. Nasi tunao akina Baraka na akina Tumaini, wanaume kwa wanawake.

Hata hivyo, neno hili la kawaida halikupata nafasi kwa urahisi. Tangu kale Wakorea waliandika kwa herufi za Kichina, na mpaka leo majina yao mengi yana silabi mbili, kila silabi na herufi yake ya Kichina na maana yake. Mfalme Sejong alitangaza alfabeti ya Kikorea mwaka 1446, lakini wasomi wengi waliidharau kwa karne nyingi. Haneul, neno lisilo na asili ya Kichina, huandikwa kwa alfabeti hiyo.

Kisha ukaja utawala wa Wajapani, toka 1910 hadi 1945. Kwa amri iliyoanza kutekelezwa Februari 1940, Wakorea walitakiwa kujiandikisha kwa majina ya ukoo ya Kijapani. Katika miezi sita tu, kaya zipatazo asilimia 80 zilikuwa zimejiandikisha. Aliyekataa aliyahatarisha masomo ya watoto wake. Huko kusini majina ya asili yalirudishwa mwaka 1946, na katika miongo iliyofuata wazazi wengi zaidi wakachagua maneno halisi ya Kikorea: Haneul, Iseul, yaani umande, na Bora, ambalo kwao ni rangi ya zambarau.

Je, jina lenye herufi za Kichina si la Kikorea? La hasha. Kilichokopwa kwa hiari na kutunzwa vizazi na vizazi huwa mali ya mkopaji, kama Baraka, lenye asili ya Kiarabu, lilivyo letu. Kinachoumiza ni kulazimishwa, na aibu inayobaki moyoni baada ya kulazimishwa. Nimewasikia wanafunzi wakilificha jina walilopewa na bibi, wakidhani kwamba neno la jikoni na shambani halistahili kuandikwa katika cheti. Mzazi amwitaye mwanawe Haneul ameijibu aibu hiyo kwa neno moja.

Walimu wenzangu, hatuna budi kuwataka wanafunzi wetu waandike maana ya majina yao, na nani aliyewapa. Atakayekosa jibu na akamwulize bibi yake, maadamu bibi angali hai.